Mtangazaji Huhesabu Masikio, Chama Huhesabu Kura

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Ninaishi Columbus, katika jimbo la Ohio, na huu ni mwaka wangu wa sita Marekani. Kazini kwetu yupo mzee mmoja Mmarekani ambaye chakula cha mchana hukila huku akisikiliza redio ya wahafidhina, na vijana wa zamu yetu humcheka kwa kumwonyesha vipande vya zamani vya watangazaji anaowapenda: mmoja akisema kuwa ndoa ya jinsia moja ikiruhusiwa basi mtu ataweza kuoa hata kobe, mwingine akitetea ndoa ya jadi ilhali mwenyewe alioa mara nne, na wote wawili baadaye wakionekana kusalimu amri. Mimi nami hucheka, lakini nikifika nyumbani hujiuliza mambo mawili. Je, kejeli hizo ni za haki? Na katika jambo hili ni nani aliyemwongoza mwenzake, watangazaji au chama cha Republican?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu kejeli unazozisikia zimejengwa juu ya jibu moja la swali hilo, nalo ni jibu ambalo mimi silikubali. Wanaocheka huchukulia kwamba chama kilikuwa kinaburutwa na redio na televisheni, na kwamba siku watangazaji walipochoka, chama nacho kilibaki hakina la kusema. Tarehe za matukio hazisemi hivyo. Na umeuliza ukiwa mahali panapofaa, maana Ohio inajitokeza karibu katika kila hatua ya kisa hiki.

Mwezi Novemba 2003 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Massachusetts iliamua kwamba kuwanyima watu wa jinsia moja haki ya kuoana kunakwenda kinyume cha katiba ya jimbo hilo, na ndoa za kwanza zikafungwa tarehe 17 Mei 2004. Kabla hata ya harusi hizo, mwezi Februari, Rais George W. Bush alikuwa ameshatoa wito kwamba katiba ya nchi nzima ibadilishwe ili ndoa iwe ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Pendekezo hilo lilikwama bungeni. Hata hivyo, siku ya uchaguzi mkuu wa Novemba 2004, wapigakura wa majimbo 11 waliletewa marekebisho ya namna hiyo katika katiba za majimbo yao, na majimbo yote 11 yakayapitisha. Ohio ilikuwa mojawapo, na takriban asilimia 62 ya wapigakura wake walisema ndiyo. Siku hiyo hiyo Bush alishinda Ohio kwa kura zipatazo 118,000, na bila Ohio asingerudi Ikulu. Wataalamu wa siasa bado wanabishana kama ni suala la ndoa lililompa kura hizo, lakini ndani ya chama wengi waliamini kuwa ndilo, na imani ya namna hiyo ndiyo inayoandika ilani.

Sasa tazama waliokuwa juu kabisa katika kampeni hiyo. Makamu wa Rais, Dick Cheney, ambaye alikuwa na binti anayewapenda wanawake wenzake, alisema hadharani mwezi Agosti 2004 kwamba uhuru ni uhuru wa kila mtu na kwamba jambo hilo lingefaa kuachiwa majimbo. Meneja wa kampeni, Ken Mehlman, aliyekuja kuwa mwenyekiti wa taifa wa chama, alitangaza mwaka 2010 kwamba yeye mwenyewe anawapenda wanaume wenzake. Kwa hiyo, hata katika mwaka ambao chama kilionekana kusema kwa sauti moja, waliokishika usukani hawakuwa na moyo mmoja. Walikuwa na hesabu moja tu, ya kura.

Watangazaji wana hesabu yao, na inafaa uijue ilivyozaliwa. Mpaka mwaka 1987 kulikuwa na kanuni iliyovitaka vituo vya redio na televisheni vya Marekani vitoe nafasi kwa mawazo yanayopingana katika mambo yenye ubishi. Kanuni hiyo ilipofutwa, mtu mmoja aliweza kukaa mbele ya kipaza sauti kwa muda wa saa tatu kila siku akisema upande wake tu. Rush Limbaugh, yule wa ndoa nne, alianza kusikika nchi nzima mwaka 1988, na televisheni ya habari ya Fox News ya tajiri Rupert Murdoch, ikiongozwa na Roger Ailes, ikaanza kurusha matangazo Oktoba 1996. Mtu wa aina ya Limbaugh hagombei ubunge wala halazimiki kupata asilimia 50 ya jimbo lolote. Akiwa na sehemu ndogo ya taifa inayomsikiliza kwa uaminifu kila siku, amekwisha kutajirika. Chama kikibaki na sehemu hiyo hiyo peke yake, kimekwisha. Mtangazaji huhesabu masikio, chama huhesabu kura, na wapo wachekeshaji wengi walioishi kwa kuzichanganya hesabu hizi mbili.

Nisiudharau uwezo wa watangazaji hata hivyo. Mwaka 2009 mwenyekiti mpya wa taifa wa Republican, Michael Steele, alisema katika kipindi cha televisheni kwamba Limbaugh ni mburudishaji tu na kwamba maneno yake wakati mwingine ni ya uchochezi na yanachukiza. Limbaugh alimjibu redioni, na baada ya siku chache Steele aliomba radhi. Mwenyekiti wa chama akamwomba radhi mtu wa redio! Mwaka uliofuata David Frum, aliyewahi kumwandikia Bush hotuba, alisema kwamba wanachama wa Republican walidhani Fox inawafanyia kazi wao, na sasa wanagundua kuwa wao ndio wanaoifanyia kazi Fox. Kauli hiyo inapendwa sana na wenye kejeli, na kwa namna wanasiasa wanavyopaswa kusema, wanavyopaswa kukasirika na wanavyopaswa kuogopa, naiona ina ukweli. Kwa suala la ndoa, mambo yalikwenda kinyume chake.

Tarehe 8 Mei 2012 wapigakura wa North Carolina walipitisha marekebisho ya kukataza ndoa hizo kwa takriban asilimia 61. Kesho yake Rais Barack Obama alisema katika mahojiano ya televisheni kwamba sasa anaziunga mkono. Siku hiyo hiyo, ndani ya Fox News kwenyewe, msomaji habari Shepard Smith aliuliza hewani kama chama cha Republican kitaendelea kulishikilia jambo hili huku kikiwa kimekaa upande ambao historia itaukataa. Novemba mwaka huo mgombea wa Republican, Mitt Romney, alishindwa urais, na katika majimbo ya Maine, Maryland na Washington, kwa mara ya kwanza, wananchi wenyewe walizikubali ndoa hizo kwenye sanduku la kura.

Kisha ukaja Machi 2013, mwezi ambao vipande vingi vya vijana wenzako vinatoka. Tarehe 18 uongozi wa taifa wa chama ulitoa taarifa ya kurasa zipatazo 100 ya kujichunguza baada ya kushindwa. Taarifa hiyo ilionya kwamba kwa vijana wengi, jinsi chama kinavyowatendea watu wa aina hii ni mlango ambao wakiukuta umefungwa hawasubiri kusikia sera za kodi. Tarehe 26, siku ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa ikisikiliza kesi ya ndoa kutoka California, Bill O'Reilly wa Fox, yule wa kobe, alisema kwamba hoja yenye nguvu iko upande wa wanaotaka kuoana, na kwamba wapinzani wao hawajafanya zaidi ya kuipigapiga Biblia. Limbaugh alimkemea, lakini yeye naye siku hizo hizo aliwaambia wasikilizaji wake kwamba pambano limekwisha kupotea, lolote litakaloamuliwa na mahakama, kwa sababu wahafidhina walikubali neno ndoa libebeshwe vivumishi, kama vile ndoa ya jinsia moja.

Wachekeshaji walisikia hapo kengele ya kusalimu amri. Mimi nikisoma maneno yao kwa utulivu siioni toba. O'Reilly alikuwa akihukumu ubora wa mabishano, kama mwamuzi wa ngumi anayehesabu pointi, na kwa miaka alikuwa amesema kwamba majimbo yaachiwe yaamue. Limbaugh alikuwa akieleza kwa nini timu yake imefungwa, na lawama zake alizitupa ndani ya timu. Hakuna kati yao aliyesema kwamba amebadili imani. Walichotambua ni kwamba hadhira inasogea. Shirika la kura za maoni la Gallup lilipouliza kwa mara ya kwanza mwaka 1996, ni asilimia 27 tu ya Wamarekani waliotaka ndoa hizo zitambuliwe kisheria, na kufikia 2015 walikuwa 60. Mtu anayeishi kwa masikio hulisikia badiliko kama hilo mapema kuliko mjumbe wa mkutano mkuu.

Na chama je? Mwezi uliofuata, Aprili 2013, kamati ya taifa ya Republican ilipitisha azimio la kusisitiza tena kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Mike Huckabee, gavana wa zamani wa Arkansas na mchungaji wa Kibaptisti, alikuwa ameshaonya kwamba chama kikigeuka, Wakristo wa kiinjili wataondoka. Watu hao ndio wanaojitokeza kwa wingi katika kura za mchujo za majimbo kama Iowa na kusini mwa nchi, tena hupiga simu, hugonga milango na hukaa kwenye kamati za kata. Hapo ndipo penye jibu la swali lako: watangazaji walilegea kwanza, na chama, kilichoshikwa na wajumbe wake na si na redio, kikaendelea kukaza kamba kwa miaka 11 mingine.

Kwa hakika aliyetikisa chama mwezi huo hakuwa mtangazaji wala mchekeshaji. Alikuwa seneta wako wa wakati huo, Rob Portman, aliyeandika makala katika Columbus Dispatch, gazeti la mji wako, katikati ya Machi 2013. Portman alikuwa miongoni mwa waliodhamini sheria ya 1996 iliyoizuia serikali ya shirikisho kuzitambua ndoa hizo, na sasa alieleza kwamba miaka miwili kabla mwanawe aliwaambia yeye na mkewe kwamba anawapenda wanaume wenzake, nao wakafikiri upya. Alikejeliwa pia. Waliomkejeli waliuliza mbona huruma yake ilisubiri mpaka jambo limwingie sebuleni. Kijembe hicho kina uzito, lakini angalia kilichotokea: mtu aliyesikia vijembe vya umma kwa miaka mingi bila kutikisika alitikiswa na mazungumzo ya faragha ya nyumbani kwake.

Nirudi sasa kwenye swali lako la kwanza. Kejeli hazina uzito sawa. Ile ya kobe naiona ya haki kabisa, kwa sababu O'Reilly mwenyewe ndiye aliyeileta mezani kama hoja, kwamba mlango huu ukifunguliwa hautafungika tena, na hoja ya namna hiyo hupimwa kwa kusubiri uone. Tangu Massachusetts miaka imepita zaidi ya 20, na kobe bado ni makapera. Anayecheka hapo anajibu hoja. Kejeli ya ndoa nne za Limbaugh ni ya mchanganyiko. Ni kweli alioa mara nne, na ni kweli kwamba katika harusi ya nne, mwaka 2010, aliyetumbuiza ni Elton John, mwanamuziki ambaye dunia nzima inajua anaishi na mwanamume mwenzake. Kinaya hicho kinajichekesha chenyewe bila msaada wa mtu. Lakini mtu kushindwa kuishi kwa kanuni hakuthibitishi kwamba kanuni ni mbovu. Mlevi akikwambia pombe ni mbaya, huenda anaijua kuliko wewe. Kejeli hiyo humvunjia msemaji heshima tu, na msikilizaji wake mzee, ambaye labda ameishi na mke mmoja miaka 40, haoni imemgusa wapi.

Isitoshe, dhihaka haikutoka upande mmoja. Mahakama ya Juu ilipoamua tarehe 26 Juni 2015, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba ndoa hizo ni haki nchi nzima, Jaji Antonin Scalia aliandika hukumu ya kupinga iliyojaa vijembe kuliko kipindi chochote cha televisheni. Alifananisha lugha ya wenzake na semi za mafumbo zinazofichwa ndani ya biskuti katika migahawa ya Kichina, na kuongeza kwamba kama yeye angelazimika kujiunga na maoni yanayoanza namna ile, angekificha kichwa chake ndani ya mfuko. Kesi yenyewe ilitoka Ohio. Jim Obergefell wa Cincinnati na mwenzake John Arthur, aliyekuwa mahututi kwa maradhi ya mishipa ya fahamu, walisafirishwa kwa ndege ya wagonjwa mpaka Maryland mwezi Julai 2013, wakafungishwa ndoa ndani ya ndege ikiwa imetua uwanjani, wakarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Arthur alifariki Oktoba. Kilichogombewa kilikuwa mstari mmoja katika cheti cha kifo, mahali panapoandikwa jina la mwenzi aliyebaki. Vijembe vya Scalia vinasomeka kwa raha hata na wapinzani wake, nami nakiri nimevisoma zaidi ya mara moja, lakini karibu na cheti hicho vinaonekana vyepesi.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wenzako hawalijui kuhusu kejeli wanazozitumia. Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu kilichopo hapo hapo Columbus, Ohio State, walichapisha utafiti wa watu 332 waliotazama kipande cha Stephen Colbert, mchekeshaji ambaye kuanzia 2005 hadi 2014 aliigiza kila usiku kama mtangazaji mhafidhina, akimwiga O'Reilly zaidi ya wengine. Wahafidhina na waliberali walimwona anachekesha kwa kiwango kile kile. Tofauti ilikuwa kwamba waliberali walimwona anawakejeli wahafidhina, ilhali wahafidhina walielekea zaidi kuamini kwamba anajifanya tu kutania na kwamba moyoni anamaanisha anachokisema. Sisi tuna methali isemayo fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, lakini hapa haitusaidii, kwa kuwa hao hawakuwa wajinga. Kila mmoja alilifumbua fumbo kwa ufunguo aliokuja nao. Mfano wa mipasho ya taarabu uko karibu zaidi: wimbo ukipigwa ukumbini, wanawake wawili waliogombana huinuka wote kwenda kutunza, kila mmoja akiamini kwamba anayepigwa ni yule mwenzake. Kwa hiyo mkimwonyesha mzee vipande vile mkadhani anaaibika, huenda anacheka pamoja nanyi kwa sababu zake.

Tangu 2015 chama kimekwenda kwa mwendo ambao kejeli za zamani haziwezi kuueleza. Ilani ya 2016 ililaani hukumu ya mahakama kwa maneno makali, lakini mgombea wake, Donald Trump, baada tu ya kushinda alisema jambo hilo limekwisha kuamuliwa na kwamba yeye hana tatizo nalo. Ilani hiyo ilitumika tena 2020 bila kuguswa. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda ndoa hizo. Katika Seneti kura zilikuwa 61 kwa 36, maseneta 12 wa Republican wakiwemo, na Portman alikuwa miongoni mwa walioisukuma. Kisha Julai 2024 chama kilitoa ilani mpya ya kurasa 16 tu, iliyosifu utakatifu wa ndoa bila kusema ndoa hiyo ni ya nani na nani. Maneno mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, yaliyopiganiwa miaka 20, yaliondoka kimya kimya kama mgeni asiyeaga. Wahafidhina wa kidini walilalamika. Redio na televisheni kubwa hazikupiga yowe.

Usihitimishe kutokana na hayo kwamba safari inakwenda upande mmoja. Gallup ilikuta asilimia 55 ya wafuasi wa Republican wakiziunga mkono ndoa hizo mwaka 2021, na mwaka 2025 walikuwa wameshuka mpaka 41, ingawa taifa kwa ujumla halikusogea sana. Maoni yangu ni kwamba kushuka huko hakukutokana na mjadala wa ndoa wenyewe, ambao watangazaji wameuacha, bali kunakwenda pamoja na mabishano ya miaka hii kuhusu watoto, shule, michezo na watu waliobadili jinsia, ambayo ndiyo yanayojaza saa zao sasa. Hapa masikio yanaanza tena kuwavuta wenye kura, na ningekuwa mmoja wa vijana wenzako ningeviacha vipande vya 2013 nikasikiliza kinachorushwa leo mchana.

Lipo na la mwisho linalokuhusu wewe kama mkazi wa Ohio. Maneno yaliyopitishwa na wapigakura wa jimbo lako mwaka 2004 hayajafutwa. Yamo ndani ya katiba ya Ohio mpaka sasa, yamelala, kwa sababu hukumu ya 2015 iko juu yake. Novemba 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza ombi la Kim Davis, yule karani wa Kentucky aliyefungwa 2015 kwa kukataa kutoa vyeti vya ndoa, aliyetaka hukumu hiyo ifutwe. Lau siku moja ingefutwa, maneno ya 2004 yangeamka. Sheria ya 2022 ingeilazimisha Ohio itambue ndoa iliyofungwa kihalali Maryland au Illinois, lakini isingeilazimisha kufungisha hata moja ofisini mwake, na watu wa Cincinnati wangerudi tena kusafiri kwenda kuoana kwingine, kama walivyofanya wale wawili mwaka 2013.